Maswali Yenu: Hakuna Kununua Mchezaji, Sasa AFL Wanasajilije?

Toleo lililopita tuligusia kidogo tu AFL, ile ligi ya Australia wanayocheza na mpira wenye umbo la yai kwenye uwanja wa duaradufu, nikajua watasoma wachache. Kumbe! Meseji zimekuja kutoka Melbourne, Perth, mpaka Nakuru, na karibu zote zinazunguka kitu kimoja, yaani klabu inapangaje listi yake ya wachezaji kabla msimu haujaanza mwezi Machi. Nimechagua hizi.

SWALI: Habari za kazi mwandishi. Mimi ni mwanafunzi hapa Melbourne natokea Mwanza, kazini kwetu ikifika Oktoba watu hawaongei kingine, ni usajili asubuhi mpaka jioni. Ila sijawahi kusikia hata siku moja eti fulani kanunuliwa kwa dau la milioni kadhaa. Wanafanyaje hawa? (Mwana Mwanza, Melbourne)

Nzuri mdogo wangu. Hujasikia kwa sababu hakuna. Kule klabu haimnunui mchezaji wa klabu nyingine kwa pesa, hata tajiri wake awe nani. Klabu ziko 18 na zote zina kikomo kimoja cha mishahara, siku hizi ni zaidi ya dola milioni 15 za Australia kwa mwaka, na usifikiri utalipa watu kiduchu ubaki na chenji, ligi inakubana utumie angalau asilimia 95 ya hiyo hela. Kwa hiyo mkwanja sio silaha. Silaha ni zamu.

Zamu zenyewe ni hivi, kila Novemba kuna drafti ya vijana, yaani klabu zinapokezana kuchagua wachezaji wapya, anaruhusiwa kuchaguliwa anayefikisha miaka 18 kabla mwaka haujaisha, na aliyeshika mkia msimu uliopita ndiye anachagua wa kwanza, bingwa anasubiri mwisho wa foleni. Sasa hizo zamu ndizo zinazouzwa na kununuliwa Oktoba. Unamtaka beki wa watu, unatoa zamu yako ya raundi ya kwanza, au unatoa mchezaji na zamu ndogo juu, au zinaingia klabu tatu nne kwenye dili moja mpaka ukisoma gazeti unahitaji kalamu. Tangu 2015 wanaruhusiwa kutoa hata zamu ya mwaka unaofuata, na hapo ndipo wengine wanakopa kesho ili wale leo.

Halafu kuna jambo ambalo mashabiki wa NBA, ligi ya basketi ya Marekani, litawashangaza, mchezaji mwenye mkataba hahamishwi bila yeye mwenyewe kukubali. Huwezi kuamka ukakuta umepelekwa mji mwingine. Ndio maana Oktoba nzima ni simu na mawakala, kubembelezana tu.

Njia ya tatu ni mchezaji huru, imeanza 2012. Ukishatumikia klabu moja miaka 8 na mkataba umeisha unaweza kwenda unakotaka, ila kama uko kwenye ile robo ya wanaolipwa zaidi klabu yako inayo haki ya kufikia dau ulilopewa ikubakize. Kisa kikubwa ni Lance Franklin mwaka 2013, Sydney Swans walimwekea miaka 9 kwa dola milioni 10, klabu yake Hawthorn waliokuwa wametoka kuchukua ubingwa wakapiga hesabu wakaona kufikia hilo dau watavunja listi yote, wakamwacha aende na ligi ikawapa zamu ya fidia. Wakachukua ubingwa tena 2014 na 2015 bila yeye. Mimi nasema walifanya sawa, ingawa mashabiki wa Sydney niliowahi kubishana nao hawataki kusikia.

SWALI: Mimi ni Collingwood damu, niko Perth. Mwisho wa 2020 tulimwachia Treloar bado ana mkataba mrefu, tukamtoa na Stephenson na Phillips, na kwa Treloar tukaendelea kulipa sehemu ya mshahara akiwa anachezea wengine! Mpaka leo sijaelewa, ule ulikuwa usajili au msiba? (Shabiki wa Magpies, Perth)

Pole kaka, ila vyote viwili.

Tatizo lilianza nyuma. Collingwood walikosa kombe fainali ya 2018 kwa pointi 5 tu, wakaamini wako karibu, wakawapa watu mikataba mirefu na mingi ilikuwa imesogezwa mbele, yaani unamwambia mchezaji mwaka huu chukua kidogo, miaka ijayo nakulipa kikubwa. Hiyo mbinu inafanya kazi mpaka miaka ijayo inafika. Ikafika pamoja na korona, kikomo cha mishahara kikapunguzwa badala ya kupanda kama walivyotegemea, na hapo hakuna ujanja, lazima mtu mwenye mshahara mnene atoke na kila klabu inajua umebanwa kwa hiyo bei yako inashuka. Adam Treloar akaenda Western Bulldogs, Jaidyn Stephenson aliyekuwa kinda bora wa ligi 2018 akaenda North Melbourne, Tom Phillips akaenda Hawthorn. Klabu ilichekwa nchi nzima, na 2021 mkamaliza nafasi ya 17 kati ya 18.

Lakini angalia kilichofuata. Mwisho wa 2021 kulikuwa na kijana anaitwa Nick Daicos, baba yake Peter alicheza mechi 250 Collingwood, na kanuni inasema baba akifikisha mechi 100 kwenye klabu basi mtoto wake klabu hiyo ina haki naye. Haki sio bure lakini. Klabu ya Gold Coast walimtaja kwenye zamu ya 4, yaani walisema wanamtaka, Collingwood wakalazimika kulipa kwa pointi, kila zamu ina pointi zake, unakusanya zamu zako ndogondogo mpaka zifikie thamani ya ile kubwa na enzi hizo ulikuwa unapunguziwa asilimia 20. Akaja. Miaka miwili baadaye, 2023, mkamfunga Brisbane 90 kwa 86 pale MCG, uwanja mkubwa wa Melbourne, na kombe likarudi nyumbani.

Je ule msiba wa 2020 ndio ulioleta kombe? Hapana bwana, wasikudanganye wanaosema ilikuwa mipango. Kukimbiza watu wako kwa bei ya kutupa ni kushindwa kupanga, basi. Ila walifanya jambo moja la maana, walikubali maumivu yote kwa mkupuo mmoja badala ya kuyasambaza miaka minne. Klabu nyingi hazina ujasiri huo, zinabana hapa zinaziba pale zinabaki nafasi ya 10 muongo mzima, hawachukui kombe na zamu nzuri hawapati. Hiyo nafasi ya 10 ndiyo inayotisha, sio mkia.

Na kabla hujaniuliza kwa nini wasifiche tu hela pembeni, klabu ya Carlton walijaribu. 2002 walikutwa wamevunja kikomo wakapigwa faini ya dola 930,000, hiyo waliimeza, kilichowaua ni kunyang'anywa zamu, pamoja na zamu ya kwanza kabisa ya drafti ya mwaka ule. Iliwachukua miaka kusimama.

SWALI: Jambo ndugu mwandishi. Mimi ni mama wa watoto wanne, tulitoka Uvira tukapita Burundi, sasa tuko Melbourne upande wa magharibi. Kijana wangu wa tatu ana miaka 15, mrefu sana, anacheza huo mpira na kocha anasema ataingia akademi ya klabu kubwa. Watu wa kanisani wanasema akishaingia akademi, klabu ile itamchukua moja kwa moja. Ni kweli? (Mama wa Uvira)

Shikamoo mama. Si kweli moja kwa moja, ila kuna ukweli ndani yake.

Kila klabu imepewa eneo lake na ina akademi kwa ajili ya watoto wa wenyeji wa asili wa Australia, na watoto waliozaliwa Afrika au Asia au ambao mzazi wao alizaliwa huko. Kijana wako anaingia humo. Faida kwa klabu ni kwamba akifika umri wa drafti na klabu nyingine ikamtaja, klabu ya eneo lenu inaweza kulipa zile pointi nilizomweleza kaka wa Perth na kumchukua. Inaweza. Hailazimiki. Na kuna wakati kanuni zenyewe zilikataa.

Mfano mzuri ni drafti hiyohiyo ya Daicos. Zamu iliyofuata, namba 5, Gold Coast walimchagua Mac Andrew, kijana wa familia ya Sudan Kusini aliyezaliwa Misri, mrefu vilevile kama wa kwako, amekulia akademi ya klabu ya Melbourne. Melbourne wakabaki wanatazama tu. Mwaka mmoja nyuma Western Bulldogs walikuwa wamempata Jamarra Ugle-Hagan kwa njia ya akademi akiwa namba 1 ya nchi nzima, klabu nyingine zikalalamika, ligi ikabadilisha kanuni, mwaka ule wa 2021 kijana wa akademi akitajwa ndani ya 20 bora klabu yake haikuruhusiwa kulipa. Yaani namba 4 mtoto wa mchezaji wa zamani anabaki nyumbani, namba 5 mtoto wa wakimbizi anapanda ndege kwenda Queensland. Mimi hilo lilinikera na bado linanikera. Hizi kanuni za akademi zimekuwa zikiguswaguswa tangu hapo kwa hiyo muulize kocha zikoje mwaka ambao mwanao atafikisha 18, sio mwaka huu.

Kwa sasa mama, cha muhimu ni apate nafasi kwenye timu ya mkoa ya vijana chini ya miaka 18, kwa upande wenu ni Western Jets, huko ndiko maskauti wanakokaa. Na shule asiache, vijana wengi wanaoingia drafti hawaitwi jina.

SWALI: Niaje. Nimeskia kuna mchezaji wa AFL amezaliwa Kenya, ni ukweli ama ni story za mtandao? (Nakuru)

Ni ukweli. Aliir Aliir, beki, amezaliwa kambi ya Kakuma kule Turkana 1994, wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Sydney walimchukua drafti ya 2013 zamu ya 44, mwisho wa 2020 wakamwachia Port Adelaide kwa zamu ya raundi ya pili tu, na 2021, msimu wake wa kwanza huko, akaingia kikosi bora cha ligi nzima. Sydney walikuwa na mabeki wengine warefu wakaona wanaye wa ziada. Hawakuwa naye wa ziada.

SWALI: Naomba kujua, drafti ikishapita Novemba ndio basi? Mtu akivunjika goti Januari mazoezini inakuwaje? Na listi ni watu wangapi hasa? (Mdau, Dar)

Kwa kanuni zilizoanza 2021 listi kuu ni watu 36 mpaka 38, juu yake chipukizi 4 mpaka 6, jumla isizidi 42. Kuna nafasi mbili za nyongeza, wanaita kundi B, kwa watu waliotoka michezo mingine au nje ya nchi. Huko ndiko alikopitia Mason Cox, Mmarekani wa basketi mwenye sentimita 211 ambaye alikuwa hajagusa huo mpira, Collingwood wakamchukua 2014 na alikuwa uwanjani siku ile ya kombe la 2023. Nafasi hizo mbili ni kamari ya bei rahisi na sielewi klabu inayoziacha wazi.

Kuhusu Januari, hapana, haijaisha. Klabu zenye akili huacha kiti kimoja wazi makusudi, zinaita watu wasio na timu waje wafanye mazoezi nao, na anayeshawishi anasainishwa kabla ligi haijaanza. Mtu akiumia vibaya anaweza kuwekwa pembeni kwenye listi ya majeruhi wa muda mrefu na kiti chake kikatumika. Halafu tangu 2019 wamerudisha drafti ya katikati ya msimu, na mwaka huohuo Richmond wakamchukua Marlion Pickett kutoka South Fremantle, klabu ya ligi ya jimbo la Western Australia, ana miaka 27 tayari, hakucheza hata mechi moja ya ligi mpaka siku ya fainali. Mechi yake ya kwanza ya AFL ikawa fainali kuu, Richmond wakashinda kwa tofauti ya pointi 89. Hilo lilikuwa halijatokea tangu 1952.

SWALI: Ungekuwa wewe meneja wa listi ungeanzia wapi? Mimi ningetema wazee wote nijaze watoto. (Mchambuzi wa kijiweni, Arusha)

Ungefungwa kila wiki, na hao watoto wangeondoka mkataba ukiisha, maana hakuna anayetaka kufungwa akiwa na miaka 20 bila mtu mzima wa kumwelekeza. Geelong walichukua ubingwa 2022 na timu ambayo wastani wake ulizidi miaka 28, hakuna bingwa aliyewahi kuwa mzee hivyo, na humohumo walikuwa na Tyson Stengle ambaye mwaka mmoja nyuma hakuwa na klabu ya AFL kabisa, wakamsaini akiwa huru bila kutoa zamu yoyote, akafunga magoli 4 kwenye fainali.

Mimi ningeanza na karatasi ya umri. Naandika kila mchezaji na nafasi yake na mwaka mkataba unaisha, natafuta mahali ambapo watu watatu wa nafasi moja watastaafu pamoja. Kisha naangalia warefu, hasa yule wa kurukia mpira katikati, huyo anakomaa taratibu sana, ukimhitaji leo ulipaswa kumchagua miaka minne iliyopita. Wafupi wenye kasi naweza kuwaokota hata Februari.