Mwanangu, usimpe laki nane na nusu kwanza

Ugonile baba.

Ile voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni sikusikia vizuri, nikaisikiliza tena na baba yako, afu asubuhi nikaisikiliza peke yangu nikisubiri mvua ipungue, na mvua ya Tukuyu unaijua mwenyewe. Unasema kuna jamaa hapo Mbeya amekwambia biashara ni matangazo, kwamba bila websaiti watu hawakuoni kama uko siriasi, na yeye atakutengenezea kwa laki nane na nusu halafu kila mwaka umpe laki mbili na nusu ya kuihudumia. Na we unaniuliza, mama, hizi mashine zangu tatu za soda na maji, zile mtu anaweka hela kinywaji kinadondoka chenyewe, zinahitaji websaiti kweli, nimpe?

Usimpe kwanza. Nimeona nikuandikie badala ya kukurudishia voisi maana nina mengi na nataka uyasome ukiwa umetulia, sio uko juu ya bodaboda.

Tuanze na hesabu maana hela ni yako umeipata kwa shida. Uliniambia kwenye soda moja, ukishatoa bei ya jumla na pango na Luku, inabaki kama 200. Laki nane na nusu ukigawa kwa 200 ni soda 4,250. Mashine zote tatu zikiwa nzima unasema zinauza kama soda 120 kwa siku, kwa hiyo ni siku 35 unajaza mashine, unabeba katoni, unakimbizana na chenji, na faida yote inaenda kwa huyo jamaa, na bado hiyo laki mbili na nusu ya kila mwaka ni soda nyingine 1,250. Mi sikatai mtu kulipwa kwa kazi yake, ila kwa hela hiyo lazima ujue ni nani atakayeifungua hiyo websaiti na akishaifungua atafanya nini.

Sasa fikiria yule mwanafunzi wa hosteli kule Iyunga, anatoka kusoma saa nne usiku, ana kiu, duka la getini limefungwa. Ataandika jina la biashara yako kwenye simu atafute websaiti? Hatafuti, ataiona mashine inawaka taa ataweka hela. We mwenyewe ndo ulinisimulia habari za yule Heron wa Alexandria kule Misri, karibu miaka 2000 iliyopita, aliyebuni chombo cha hekaluni kwamba ukitumbukiza sarafu uzito wake unafungua maji. Mpaka leo ni vilevile, mnunuzi yuko hapohapo mbele ya mashine, biashara inaisha kwa dakika moja.

Huyo mnunuzi ana siku moja tu anakutafuta, nayo ni siku mashine imekula hela yake. Kaweka elfu moja, kabonyeza, soda imenasa kwenye zile springi haijadondoka, au noti imemezwa na hakuna kinachotokea. Hapo atageuka huku na huku atafute namba ya mwenye mashine, na mwanangu nilipokuja mwezi wa tatu niliangalia ile mashine yako ya zahanati Mafiati mbele, pembeni, mpaka nyuma, namba yako haipo. Sikusema siku ile kwa sababu tulikuwa na mgonjwa. Lakini iliniuma, na ntakwambia kwa nini.

Unajua nilishona sare za shule Mwanjelwa miaka mingi kabla hatujahamia huku. Soko lilipoungua mwaka 2006 ulikuwa bado mdogo, labda unakumbuka tu mama alirudi ananuka moshi. Vitambaa viliisha, cherehani mbili ziliisha, lakini kilichonitesa zaidi ni wateja. Januari ilikuwa inakuja, msimu wa sare, na mimi nilikuwa na wazazi wengi tu walionizoea, ila walikuwa wananijua kwa meza. "Yule mama wa sare, ukiingia mlango huu kata kulia." Meza ikaungua na kulia kukaungua, tukatawanyika kila mtu kivyake, na hao wazazi hawakuwa na namba yangu na mimi sikuwa na za kwao. Nilipopata kibanda kingine nilikaa wiki na wiki naona watoto wanapita na sare za watu wengine. Tangu hapo kila sare iliyotoka mkononi mwangu nilishonea lebo ndogo kwenye kola, jina na namba ya simu, na mpaka leo kuna watu wananipigia wanasema mama nimekuta namba yako kwenye shati la kaka yake.

Ndo maana nakwambia anza na stika. Nenda kwa wale wachapishaji wakutolee stika nzuri isiyoingia maji, ubandike kwa ndani ya kioo, sio nje, maana siku hizi kuna watu wanabandika Lipa Namba yao juu ya ya kwako na hela inaenda kwao we unashangaa soda zinaisha salio haliongezeki. Kwenye stika weka jina la biashara, namba ya simu, na namba ya mashine yenyewe, Mashine 1, Mashine 2, Mashine 3, ili mtu akipiga asianze kukuelezea ile ya pale karibu na ngazi. Andika inapokea hela gani, sarafu zipi noti zipi. Weka Lipa Namba na jina linalotokea mtu akilipa, na hilo jina lifanane na lililoandikwa juu, mana mtu akiona anamlipa mtu asiyemjua anaghairi, tumeshatapeliwa sana. Afu maneno haya uyaandike makubwa: "Mashine ikila hela yako, piga au tuma meseji, tunarudisha leo leo." Na urudishe leo leo. Hata kama unahisi anakudanganya, elfu moja isikufanye ubishane na mtu, ila ukiona namba ileile inadai kila wiki hapo sasa mfuatilie.

Hiyo namba isiwe ya kwako ya kawaida unayopigiwa na sisi na washkaji. Sajili laini nyingine kwa alama za vidole vyako mwenyewe, usikubali kutumia laini ya mtu, uiweke kwenye WhatsApp Business. Ni ya bure, ina katalogi unaweka picha na bei, inajibu yenyewe kama umelala, na ukiweka stetasi kwamba leo mashine ya stendi imejazwa maji ya baridi wanaona. Na ile stoo yako uisajili Google kwenye ramani, nayo ni bure, mtu akiandika jina la biashara yako aone namba na saa za kazi.

Kuna mteja wa pili ambaye we bado unamchukulia kama kero, na huyu ndo wa kumfikiria sana. Mi namwita mwenye ukuta. Yaani yule ambaye mashine yako imeegemea kwake, mwenye hosteli, daktari wa zahanati, meneja wa karakana. Mnunuzi wa soda ukimkosa umepoteza 200, ila mwenye ukuta akikwambia toa mashine yako kesho umepoteza sehemu nzima, na akikwambia karibu amekupa wanunuzi 40 kwa siku bila wewe kumtafuta hata mmoja. Sasa huyu anataka kujua nini? Nimewahi kuwa na fremu na nimewahi kupangisha, kwa hiyo najua kabisa kinachomkosesha usingizi. Umeme. Mashine yenye friji haizimwi usiku na mchana, na yeye anaona Luku inakwisha haraka anaanza kukunyooshea kidole hata kama ni wapangaji wanapikia hita. Nunua kamita kadogo ka kupimia, pima wiki nzima, uandike yuniti ngapi kwa siku, umwekee mezani na hela yake ulipie mwenyewe. Umeme ukikatika unaporudi na nguvu, je mashine ina kilinda umeme au itaunguza na nyaya zake? Chupa tupu zitasombwa na nani? Ikiharibika unakuja baada ya muda gani? Vitu vikipita tarehe ya kuisha nani anakagua, na je vina alama ya TBS? Anapata pango la kudumu kila mwezi au asilimia ya mauzo, na akichukua asilimia atajuaje kwamba humwibii?

Hayo yote yaandike kwenye karatasi moja, ukurasa mmoja tu, na picha mbili za mashine zako zikiwa safi na zimejaa, na nakala ya leseni na TIN, uhifadhi kwenye simu kama PDF. Ukienda kwa mwenye ukuta unaongea naye ana kwa ana, ukiondoka unamtumia kwa WhatsApp ili na mke wake au mshirika wake asome. Mwanangu kwa hapo Mbeya ulipo, kuanzia Uyole mpaka Mbalizi, hiyo karatasi inatosha kabisa, kwa sababu watu wanakuona, na asiyekuona anamfahamu anayekuona.

Websaiti inaanza kuwa na kazi siku utakapovuka. Uliniambia unatamani vyuo vya Iringa, na Makambako pale mabasi yanaposimama. Mwenye hosteli wa Iringa hakujui, hamjui mama yako, ukimpigia simu kitu cha kwanza baada ya kukata ni kuandika jina lako Google aone kama wewe ni mtu au ni tapeli. Hapo ndo ukurasa mmoja unakusaidia, na sio ukurasa wa mambo mengi, ni ileile karatasi ya mwenye ukuta imewekwa mtandaoni, na kitufe cha kukupigia na cha WhatsApp. Picha zisiwe nzito maana mtu anatumia bando lake. Usiweke fomu za kujaza majina na namba za watu, ukishaanza kukusanya taarifa za watu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, na we bado huna haja ya kuingia huko. Na kama unawaza hospitali za serikali na vyuo vya serikali, huko manunuzi yanapita NeST, ule mfumo wa serikali wa manunuzi kwa mtandao, tangu 2023, kwa hiyo nguvu yako iwe kujisajili NeST na kuweka makaratasi sawa, websaiti nzuri haitakuingiza.

Kitu kimoja kifanye sasa hivi hata kabla ya Iringa, lipia jina la websaiti, yaani ile anwani watu wanayoiandika kuifungua, domeni ya .co.tz. Ni hela ndogo kwa mwaka ukilinganisha na anayoitaka huyo jamaa. Lakini ulipie wewe, kwa jina lako, kwa imeili yako, na paswedi ukae nayo wewe. Hili nalisema kwa uchungu. Mwaka 2017 na mimi nilitengenezewa websaiti ya sare, kijana mzuri tu mwenye adabu, ila domeni aliisajili kwa jina lake na imeili yake. Ilikwenda mwaka mmoja na miezi, afu akahama mji, akabadilisha namba, malipo ya mwaka hayakulipwa, nikiifungua haipo. Na nilikuwa nimeshaichapisha kwenye lebo zote za mwaka ule. Na usitegemee vya bure pekee pia, Google walikuwa wanatoa vijiwebsaiti vya bure kwa wenye biashara kwenye ramani, wakavifunga Machi 2024. Jina likiwa lako, hata ukibadilisha fundi mara tano, linki ni ileile.

Kwa hiyo huyo jamaa mwambie kwa heshima kwamba sasa hivi hapana, na kama anaweza, muulize atakutoza shilingi ngapi kwa ukurasa mmoja tu, kwenye domeni ambayo tayari ni ya kwako, bila malipo ya kila mwaka kwake. Akikubali mtunzie namba. Akikasirika umeshapata jibu. Ile laki nane na nusu, toa ya stika, toa ya domeni, toa ya kamita ka umeme, inayobaki iweke kwenye spea. Ulisema kile kisomea noti cha mashine ya stendi kinarudisha hela za watu zikiwa zimekunjwa kidogo tu, sasa hicho ndo kinachokufukuzia wateja kila siku ukiwa umelala.

Baba yako anakusalimia, anasema ukija uje na ile dawa yake ya macho. Ndizi nimezituma na kosta ya saa nne, konda nimempa namba yako, nenda ukazipokee Kabwe kabla hazijapigwa na jua. Na stika ukishaiandika nitumie picha kabla hujaipeleka kuchapishwa, nataka nione kama namba inasomeka kwa mtu aliyesimama hatua tatu.

Ndaga fijo mwanangu.

Mama