Quaresma hakuwa mvivu, alihitaji kocha wa kumvumilia

Mleta mada, umeuliza kama Ricardo Quaresma, winga wa Ureno, alipoteza kipaji kwa uvivu. Mimi nimecheza winga miaka mingi kwenye timu za ridhaa, na kwangu jibu ni hapana. Winga wa chenga kazi yake ni kupoteza mipira. Unamvaa beki, unanyang'anywa, unarudi tena, unanyang'anywa tena, halafu ile moja inayopita inazaa goli. Kocha akianza kukufokea kila unapopoteza, unaanza kurudisha pasi nyuma, na hapo bora angepanga beki wa pili.

Angalia alikopita. Sporting walimkuza, akatwaa ubingwa wa Ureno 2002 akiwa bado kinda. Mwaka 2003 akaenda Barcelona, kiangazi kilekile aliposajiliwa Ronaldinho. Akamaliza msimu na goli moja la ligi, kisha 2004 akarudi Ureno, Porto, kama sehemu ya dili lililompeleka kiungo Deco Barcelona. Pale Porto mpira ulikuwa unamtafuta yeye. Akikosea, anapewa tena. Akachukua ubingwa mara tatu mfululizo, 2006 hadi 2008.

Halafu ile trivela yake, kupiga kwa upande wa nje wa mguu. Wengi wanaiita mbwembwe, lakini ukiwa winga unaielewa. Ukiingia ndani kutokea kulia, beki anasubiri uuhamishie mpira mguu wa kushoto, na muda huo ndio anautumia kukuzuia. Quaresma hakuhamisha. Alipiga kwa mguu uleule wa kulia, mwili haujafunguka, kipa hajajua mpira unaenda wapi. Goli lake dhidi ya Iran, Kombe la Dunia 2018, ndilo hilo hasa. (Nimeijaribu sana mazoezini. Ukiugusa vibaya kidogo tu unaufuata nje ya uwanja huku wenzako wanacheka.)

Na anayesema hakuwa na moyo wa mechi kubwa aiangalie Euro 2016. Alitokea benchi akafunga kwa kichwa dakika ya 117 dhidi ya Croatia. Robo fainali na Poland, penalti ya mwisho iliyowavusha ni yake. Kwenye fainali Cristiano Ronaldo alipoumia, aliyeingia ni yeye, dakika ya 25 tu. Mtu aliyeachwa kwenye vikosi vya Kombe la Dunia 2006, 2010 na 2014 angeweza kususa kabisa.

Ninaposhindwa kumtetea ni kwenye kukaba. Inter walimnunua 2008 kwa zaidi ya euro milioni 18, na mwaka haujaisha Waitalia wakampa Bidone d'Oro, tuzo ya kejeli kwa mchezaji aliyeboronga. Februari 2009 akapelekwa Chelsea kwa mkopo. Alirudi na alikuwemo kikosini Inter walipobeba mataji matatu 2010, ila uwanjani alionekana kwa nadra. Kocha wao, Mourinho, alitaka winga anayeshuka na beki wa mpinzani mpaka kwenye boksi lake mwenyewe. Samuel Eto'o, mshambuliaji wa kati aliyezoea kufunga tu, alikubali kuhamishwa pembeni, na kule Camp Nou, uwanja wa Barcelona, kwenye nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa alicheza kama beki kabisa. Sidhani kama Quaresma angeimaliza mechi ile.