Soma bili ya simu ukianzia chini

Kwa karibu miaka miwili nililipa bili ya simu kwa kuangalia namba moja tu, ile kubwa iliyoandikwa juu kwa wino mzito. Kama haikupanda sana kuliko ya mwezi uliopita, nililipa nikaendelea na shughuli zangu. Siku moja nikatafuta mkataba wa laini kwa sababu nyingine kabisa, nikaiona bei ya kifurushi nilichosaini. Nilichokuwa nalipa kiliizidi bei hiyo kwa karibu robo. Nilikaa nikiitazama ile karatasi kwa muda mrefu.

Jioni ile nilichapisha bili tatu za mwisho nikaanza kuzisoma kutoka mstari wa chini kabisa kwenda juu, maana huko chini ndiko herufi ndogo zinakokaa. Kila mstari niliuuliza swali moja: hela hii mwishowe inaingia mfuko wa nani? Hadi leo sijapata swali bora zaidi la kuielewa bili.

Mistari mingine jibu lake ni serikali. Kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa ni za aina hiyo: kampuni inakusanya kwako na kupeleka, na hakuna mtu wa huduma kwa wateja anayeweza kukupunguzia. Unachoweza kufanya ni kuhakiki hesabu, na hapo wengi tunakosea. Katika nchi nyingi kodi ya ongezeko la thamani hupigwa juu ya bei ambayo tayari imeongezwa ushuru. Chukua huduma ya 100. Ushuru wa asilimia 10 unaifikisha 110. Kodi ya asilimia 20 inapigwa kwenye 110, siyo kwenye 100, kwa hiyo ni 22, na jumla inakuwa 132. Mtu aliyejumlisha 10 na 20 atatarajia 130 na kudhani ameibiwa 2. Nilishawahi kulalamika kwa hasira kuhusu tofauti ya namna hiyo, na kampuni ndiyo iliyokuwa sahihi.

Usidhani pia kwamba kodi ya simu lazima iwe na sababu inayohusu simu. Marekani iliweka kodi ya simu mwaka 1898 ili kugharamia vita vyake na Hispania. Ikafutwa, ikarudishwa, ikabadilishwa mara kadhaa, na mwaka 2006 ndipo serikali ilipoacha kuitoza kwenye simu za masafa marefu. Wakati huo ilikuwa asilimia 3, na vita vyenyewe vilikwisha mwaka uleule vilipoanza.

Kuna kundi la pili ambalo ndilo linalochanganya watu kuliko yote, nami nataka nilieleze taratibu. Ni gharama ambazo serikali inaidai kampuni, kisha kampuni inaamua kuzihamishia kwako. Hukohuko Marekani, kampuni za simu hutakiwa kuchangia mfuko wa mawasiliano kwa wote, unaosaidia huduma kufika vijijini, shuleni, kwenye maktaba na kwa watu wa kipato cha chini. Sheria inaibana kampuni ichangie. Haiilazimishi kumtoza mteja, inairuhusu tu, na isizidishe kiwango kilichowekwa. Lakini kwenye bili mstari huo huonekana kama kodi, umepangwa pamoja na kodi, na msomaji anaupita akiamini ni amri ya serikali. Ukiona maneno kama "tozo ya udhibiti" au "marejesho ya gharama za kisheria", simama hapo. Kampuni mbili zinaweza kuwa chini ya sheria moja, moja ikabeba gharama hiyo ndani ya bei yake, nyingine ikaitoa nje ili bei ya tangazo ionekane ndogo.

Kundi la tatu ni ada za kampuni yenyewe, na humo ndimo robo yangu ilimokuwa imejificha kwa sehemu kubwa. Nilikuta bima ya simu ambayo nilishaacha kuitumia miezi kumi na minne nyuma. Nilikuta huduma ya ujumbe wa kulipia ambayo sikumbuki kujiunga nayo. Na nilikuta "ada ya uendeshaji".

Nilipiga simu. Nilipofika kwenye mstari wa tatu nikamwuliza yule dada: "Naomba unisaidie, dada yangu, hii ni kodi au ni ada yenu?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni ya kampuni, ndugu mteja." Namshukuru kwa ukweli wake. Bima ilisitishwa siku hiyohiyo na nikarudishiwa ya miezi mitatu tu, kwa kuwa sikuwa nimeitolea taarifa. Ujumbe wa kulipia ulifungwa, na niliomba laini izuiwe isijiunge tena na huduma za namna hiyo. Kampuni nyingi zinaweza kufanya hivyo ukiomba. Ada ya uendeshaji ilibaki. Ilikuwa ndani ya mkataba, pamoja na maneno kwamba inaweza kubadilika wakati wowote. Niliyasaini bila kuyasoma, na bado yananiuma.

Bili ya kwanza ya laini mpya isikutie hofu: mara nyingi hubeba siku za mwezi ulioanza katikati pamoja na mwezi mzima unaofuata. Ukisafiri, uliza kabla ya kuvuka mpaka. Umoja wa Ulaya ulifuta nyongeza za kutumia laini kati ya nchi wanachama tangu Juni 15, 2017, lakini baada ya Uingereza kutoka, baadhi ya kampuni za huko zilizirudisha.

Ukiwa na mgogoro, lipa ile sehemu usiyoipinga ili laini isikatwe, na lalamiko lako liandike. Taja tarehe ya bili, jina la mstari kama lilivyochapishwa, na kiasi. Anza na kampuni, kwa kuwa mamlaka za mawasiliano kwa kawaida hutaka kuona kwamba ulianzia huko.

Nilipohuisha mkataba niliuliza jambo moja tu: nitatoa kiasi gani kwa mwezi, kila kitu kikiwa ndani? Muuzaji alinitajia bei ya kifurushi. Nikarudia swali, nikaomba aniandikie kwa barua pepe. Ilimchukua siku mbili, lakini aliandika, na jumla ile ndiyo ninayoilinganisha na bili kila mwezi.