Timu Imeshinda, Mkeka Umechanika: Maneno ya Kubeti Kikapu Yaliyonila Hela Uingereza

Ijumaa iliyopita, kabla hakujapambazuka, nilikuwa kituoni nasubiri basi baada ya zamu ya usiku simu ikaingia ujumbe. Kijana wa Morogoro anayesoma Coventry alikuwa amenitumia picha ya mkeka wake, yaani dau alilobeti, na chini yake ameandika: "Shikamoo dada. Timu yangu imeshinda, nimeangalia mpaka mwisho kwa macho yangu, lakini mkeka umechanika. Wameniibia?"

Nikaikuza picha. Kando ya jina la timu kulikuwa na -6.5, na timu ilishinda kwa pointi nne. Hakuibiwa, mdogo wangu. Alibeti kitu ambacho hakukijua jina. Nilikaa na ile simu mkononi hadi basi likanipita, maana nilijiona mimi mwenyewe miaka ile, nikigombana na keshia dukani kwa hasira ya mtu aliyedhulumiwa.

Mnaonisoma mnanijua, kikapu sikukijulia kwenye simu. Nimekicheza tangu kidato cha kwanza Tanga, nafasi ya gadi, na UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, nilifika na timu ya mkoa. Mwaka 2009 Mtanzania mwenzetu Hasheem Thabeet alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, sisi wote tulioshika mpira kwenye viwanja vya saruji tuliona NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, imekuja mtaani kwetu. Kwa hiyo nilipohamia Reading na kuanza kazi kwenye nyumba ya wazee, mechi zikianza saa sita au saa saba usiku na mimi niko macho kazini, nilisema hela ipo hapa. Mchezo naujua, na mtu anayejua mchezo atashindwaje kubeti?

Mchezo niliujua kweli. Maneno sikuyajua. Kikapu ni cha Wamarekani, na duka la kubeti la Mwingereza limekulia kwenye mbio za farasi. Ukichukua maneno ya huku na ya kule ukayaweka kwenye karatasi moja, mgeni kutoka Tanga au Morogoro anapotea hata mpira haujarushwa.

Nianze na duka. Ilikuwa barabara kubwa ya mjini, mvua, nimetoka kazini. Nyumbani tumezoea odi ya kawaida, 1.80 au 2.50, unazidisha na dau unajua chako. Pale ukutani odi ziliandikwa kwa sehemu za hesabu: 10/11, 8/11, 5/4. Nikamuuliza keshia, mama mtu mzima mpole, odi ya timu niliyoitaka. Akanitamkia kumi na moja kwa nane, halafu mwishoni akatia kineno kidogo, 'on'. Nikapiga hesabu kichwani: 11/8, dau langu pauni 40, faida pauni 55. Nikalipa.

Timu ikashinda. Nikarudi kesho yake nikitabasamu, akanihesabia pauni 69 na senti 9. Nilidai 95. Nilipandisha sauti, watu wakageuka. Yule mama hakukasirika, alinigeuzia karatasi akaweka kidole: 8/11. Kile kineno 'on' kinageuza namba juu chini. Bila kineno, unaweka 8 upate faida ya 11. Kikiwepo, unaweka 11 upate faida ya 8. Ni lugha ya farasi, wao wamezaliwa nayo. Mimi nilitoka pale uso umeniwaka, na mpaka leo nikipita mbele ya duka lile natazama upande mwingine wa barabara.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Gawa namba ya kwanza kwa ya pili, ongeza 1, unapata odi uliyoizoea. 10/11 inakuwa 1.91, 8/11 inakuwa 1.73, 5/4 inakuwa 2.25. Wakisema 'evens' ni 1/1, yaani 2.00. Mmarekani naye ana vazi lake: -110 maana yake unaweka 110 upate faida ya 100, na +125 unaweka 100 upate 125. Kwa hiyo 10/11, 1.91 na -110 ni kitu kimoja kilichovaa nguo tatu. Kama unabeti kwenye simu, ingia kwenye mipangilio ubadilishe odi ziwe za desimali leo hii, kabla hujasoma aya inayofuata.

Sasa ile -6.5 ya kijana wetu. Mwingereza anaiita hendikapu, Mmarekani anaiita spredi. Timu yenye nguvu inaanza ikiwa na deni la pointi sita na nusu, kwa hiyo lazima ishinde kwa saba au zaidi. Mwenye +6.5 anakula hata timu yake ikifungwa kwa sita. Ile nusu imewekwa ili kusiwe na sare. Ukikuta namba kamili, tuseme -6, na timu ikashinda kwa sita barabara, kwenye soko (yaani aina ya dau) la njia mbili, timu hii au ile, unarudishiwa dau lako. Lakini kwenye soko la njia tatu, ambalo lina 'sare ya hendikapu' kama chaguo lake, hurudishiwi kitu, umeliwa. Masoko hayo mawili yanaweza kukaa jirani kwenye ukurasa mmoja. Hesabu vitufe kabla hujagusa, viwili au vitatu.

Na hapa ndipo aliyecheza mpira ana faida, akiitumia. Sekunde arobaini za mwisho za kikapu hazifanani na dakika nyingine zote. Timu iliyo nyuma kwa pointi tano inacheza faulo makusudi ili saa isimame, mwenzake anakwenda kwenye mstari wa mitupo huru anatia miwili, wanakimbia kurusha pointi tatu, wanakosa, wanacheza faulo tena. Uongozi wa tano unakuwa wa saba, unakuwa wa tisa, au mtu anatupa mpira wa mbali usio na kazi unaingia na uongozi unarudi kuwa wa nne. Mshindi alishajulikana zamani, watu wanatoka uwanjani, lakini hendikapu yako bado inaning'inia. Nilipokuwa gadi tuliambiwa tukiongoza tushike mpira muda upite. Kocha hana habari na -6.5 yako, anataka ushindi wa pointi moja na wachezaji wasiumie.

Kitu kingine kidogo kilichonila mara mbili: mpangilio wa majina. Kwenye mpira wa miguu timu ya kwanza kuandikwa ndiyo mwenyeji. Mmarekani anaandika mgeni kwanza, na kampuni nyingi za Uingereza zinamfuata kwenye michezo ya kwao. Ukiona alama ya @ katikati, timu ya pili ndiyo iko nyumbani. Mimi nilibeti "mwenyeji" aliyekuwa amesafiri usiku uliotangulia.

Sasa usiku ulioniuma kuliko wote. Nimeuandika na kuufuta mara nyingi.

Ilikuwa Februari. Nilikuwa na pauni 180 za mabati ya mama, Muheza. Mvua za masika zilikuwa mbele na upande wa jikoni ulikuwa unavuja. Sikutaka kutuma 180, nilitaka kutuma zaidi, paa likamilike lote. Ninyi mnaielewa hesabu hii, wengi wetu ndiyo iliyotuingiza humu. Nikaona mechi ambayo niliamini naijua. Kwenye soko la kawaida la mshindi timu yangu ilikuwa 1.91. Chini kidogo, timu ileile, ushindi uleule, 2.05. Nikasema hawa wamekosea, nikaweka zote kwenye 2.05.

Hawakukosea. Soko lile lilihesabu dakika 48 tu, robo nne za dakika 12, na lilikuwa na chaguo la tatu la sare. Maandishi yalikuwepo, madogo, rangi ya kijivu.

Saa tisa na nusu usiku nilikuwa kwenye korido, simu nimeificha kwenye mfuko wa sare ya kazi. Robo ya nne ikaisha pointi sawa. Nikafurahi, nikajua bado tumo. Zikaanza dakika tano za nyongeza. Kengele ya chumba namba 14 ikalia, bibi mmoja alitaka kwenda msalani. Nikasema nusu dakika. Nikasimama palepale, macho kwenye simu, kengele ikalia mara ya pili. Timu yangu ikashinda kwa pointi sita. Nikafungua mkeka kuona pauni 369, nikakuta sifuri.

Bibi nilimkuta ameshalowa, anaomba radhi yeye. Nilimbadilisha, nikamfunika, nikatoka nikakaa kwenye ngazi za dharura. Kwa tofauti ya pauni 25 nilikuwa nimeacha soko ambalo lingenilipa. Mama nilimdanganya kwamba mshahara umechelewa. Alisema, "Haya mwanangu, tutaweka ndoo." Masika yote yale aliweka ndoo.

Asubuhi ile nilijiandikisha GamStop. Ni huduma ya bure, unajifungia na kampuni zote za kubeti mtandaoni zenye leseni ya Uingereza, kwa miezi sita, mwaka au miaka mitano, na ukishajifungia huwezi kujifungulia kabla ya muda. Nilichukua mwaka. Niliporudi nilirudi na daftari na dau lisilozidi pauni 5, na kanuni moja niliyoiandika kwa kalamu nyekundu: soma sheria za soko kwanza. Najivunia daftari hilo. Msimu uliopita kuna wiki nne mfululizo nilizotoka na faida, na nilikuwa naangalia wavulana waliokuwa wananicheka kwenye grupu wakichana mikeka ya elfu.

Kwa hiyo soma sheria za soko. Muda wa nyongeza kwa kawaida unahesabiwa kwenye mshindi, hendikapu na jumla ya pointi, ile ova na anda, yaani zitazidi namba iliyowekwa au zitapungua. Dau la robo ya nne kwa kawaida halihesabu nyongeza. Kila kampuni ina ukurasa wa sheria za kikapu, usome.

Kwenye dau la mchezaji mmoja mmoja, yaani pointi zake, ribaundi (mipira anayodaka baada ya mtupo kukosa) na asisti (pasi zinazozaa pointi), kuna mtego mwingine: mchezaji asipoingia kabisa unarudishiwa dau, akiingia hata dakika moja akaumia, dau linahesabiwa. Aprili 2024 NBA ilimfungia maisha Jontay Porter wa Toronto Raptors. Alikuwa amewapa wacheza kamari siri za afya yake, na kuna mechi alicheza dakika tatu tu akatoka akisema anaumwa, huku mtu ameweka dola 80,000 kwamba takwimu zake zitakuwa chini. Wewe uko Leeds na pauni 10 unasema "jamaa huyu leo atafanya vizuri". Unashindana na watu wa namna hiyo.

Mikeka mirefu sitaisema sana, nimeisema hapa mara nyingi. Mechi tano za 1.91 zinakupa odi ya 25 na kidogo. Kama kila moja ni nusu kwa nusu, nafasi yako ni moja kati ya 32. Hizo saba zilizopotea katikati ni chakula cha kampuni. Na ukiona neno Lucky 15, jua kwamba ni mikeka 15 kwa mkupuo: timu nne zinapangwa moja moja, mbilimbili, tatutatu na zote nne. Ukiandika pauni 2 unakatwa 30. 'Each way' nayo ni madau mawili, la ubingwa na la kumaliza kwenye nafasi za juu, pauni 5 ni 10. Mimi yote mawili niliyajulia kwenye salio la benki.

Wadogo zangu, mtu asiwadanganye kwamba kujua maneno kunaleta utajiri. 1.91 kila upande maana yake unahitaji kupatia zaidi ya mara 52 katika 100 ili tu usipoteze, na waliopanga namba ile hawajalala. Hela ya kodi ya nyumba usiiguse, ya ada usiiguse, na ya mama usiiguse. Ushindi wa hapa haukatwi kodi kama unavyokatwa nyumbani, ndiyo, lakini kupoteza nako hakuna anayekuchangia. Aprili 2020 Tume ya Kamari ya Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo, na nilisikia watu wetu wakilalamika, halafu wakaenda kukopa kwa marafiki. Nilikuwa mmoja wa waliokopa, na sikuwalipa wote kwa wakati. Acheni. Soma sheria, weka dau dogo, ukishindwa kuacha jifungie.

Kijana wa Coventry nilimjibu haya yote kwa sauti, ujumbe wa dakika tisa, nikiwa kwenye basi lililofuata. Hakujibu mchana kutwa. Usiku akatuma picha nyingine, mkeka ambao bado hajaubonyeza, odi zake sasa ziko kwenye desimali. "Dada, hii ni -3 bila nusu, na vitufe naona vitatu. Timu ya pili ndiyo iko nyumbani, siyo?"

Nikamwambia ndiyo, iko nyumbani, na vitufe vitatu maana yake ikishinda kwa tatu hupati kitu. Akauliza basi abonyeze au asibonyeze. Nikamuuliza kesho ana kipindi saa ngapi. Akasema saa tatu asubuhi. Nikamwambia alale.