Kaktasi iliyolainika chini bado inaweza kupona

Pole sana dada unayeuliza kama kaktasi yako itapona. Kama unaimwagilia kila siku na sasa shina limelainika chini na kuwa la kahawia, hapo mizizi imeoza. Ing'oe leo hii, uishike kwa gazeti lililokunjwa miiba isikuchome. Juu kukiwa bado kugumu na kijani, kata kwa kisu kisafi mpaka ndani kusionekane doa hata moja. Kisha iache sehemu hiyo ya juu kivulini kama wiki nzima, kidonda kikauke na kufanya gamba. Usiharakishe hapo, tafadhali. Yangu ya kwanza niliipanda mbichi, ikaoza tena.

Ipande kwenye udongo na mchanga wa mto, nusu kwa nusu, kopo liwe na tundu chini. Mchanga wa bahari una chumvi, uache. Weka dirishani penye mwanga, na ikishashika mizizi, mwagilia udongo ukikauka kabisa tu.