Kugeuza baiskeli ya gia iwe ya gia moja hapa Malindi: hesabu kusi kwanza

Ndugu yangu uliyeuliza, nimelielewa swali lako hivi: una baiskeli ya mbio ya mtumba, fremu ya chuma, gia 12, unakaa Maweni na kazi yako iko Watamu. Gia za nyuma zimeganda, cheni inaruka, na fundi amekwambia toa zote ubakishe moja. Unataka kujua kama inafaa na uweke meno mangapi. Waliokujibu kabla yangu wamesema funga 52 mbele na 16 nyuma, kwa kuwa Malindi ni tambarare.

Kugeuza, geuza, wala usisite. Lakini hiyo 52 kwa 16 usiifunge. Barabara hiyo ya kwenda Watamu kupitia Gede naijua, nimeiendesha kwa gia moja kwa miaka na bado naiendesha, na hapo ndipo watu wengi wanapoharibu baiskeli nzuri kisha wakalaumu gia moja.

Kwanza uelewe kwa nini gia zako zimekufa, maana ukinunua nyingine zitakufa vilevile. Ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni una springi na vigurudumu viwili vidogo, na waya wake unapita ndani ya mpira mrefu uliopinda karibu na ekseli. Hewa yetu ina chumvi mwaka mzima. Chumvi inaingia kwenye ule mpira, waya unashika kutu kwa ndani mahali usipopaona, na siku moja unavuta gia haiji. Mchanga nao unakaa kwenye vile vigurudumu. Halafu ukienda dukani kutafuta mkono kama huo, unaambiwa subiri mtu atoke Mombasa. Lakini friwili ya gia moja, yaani lile gurudumu la meno la nyuma linalozunguka bure usipokanyaga, cheni nene ya Black Mamba, nati na gololi, hivyo viko kila duka la spea, mpaka Gongoni utavipata. Mimi hiyo ndiyo sababu yangu kubwa. Baiskeli ya kwendea kazini lazima iwe na spea mahali unapoishi.

Sasa tuje kwenye meno. Ni kweli hatuna mlima, lakini tuna kusi. Mwezi wa sita mpaka wa nane, ukitoka mjini ukapita uwanja wa ndege kuelekea Msabaha, upepo unakupiga usoni na begani njia nzima, na kule hakuna mteremko utakaokupa nafuu baadaye kama anavyopewa mtu wa milimani. Ukiwa na gia nyingi unashusha. Ukiwa na moja, ile uliyoichagua dukani ndiyo utakayosukuma nayo kilomita ishirini na kitu. Kwa hiyo usichague meno siku shwari ya mwezi wa nne ukizunguka zunguka hapa mjini.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, halafu zidisha kwa mzingo wa tairi, ambao kwa gurudumu lako la 700 ni kama mita 2.1. Utapata umbali unaokwenda kwa mzunguko mmoja wa pedali. 52 kwa 16 inakupa mita 6.8. 42 kwa 16 inakupa mita 5.5. 42 kwa 18 inakupa mita 4.9. Sasa chukua siku ya kusi kali, mwendo wako umeshuka mpaka kilomita 16 kwa saa. Kwa 52 kwa 16 miguu yako itakuwa inazunguka kama mara 39 tu kwa dakika, yaani unasimama juu ya pedali na kuzikandamiza kwa uzito wa mwili, na magoti ndiyo yanayolipa. Kwa 42 kwa 18 unazunguka mara 54, umekaa kitini, unapumua. Na siku isiyo na upepo, ukizungusha mara 80 kwa dakika, hiyo 42 kwa 18 inakupeleka kilomita 23 na nusu kwa saa. Inatosha sana kuwahi zamu.

Kwa safari yako basi, ushauri wangu ni 42 kwa 18. Anayezunguka mjini tu, Shela, Majengo, Silversand na sokoni, afunge 16 akipenda. Anayekwenda Mambrui atafurahi kuwa na 18 pale anapopanda kutoka daraja la Sabaki. Na kama mtu kwao ni Marafa, kule bara kwenye vilima, huyo atengeneze gia zake, asinisikilize kabisa.

Kuna mwenzetu amesema gia moja si ya safari ndefu. Tour de France yenyewe, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, hadi 1937 ndipo waendeshaji wote waliporuhusiwa vifaa vya kuhamisha cheni. Kabla ya hapo mtu alifunga sproketi (gurudumu la meno) moja kila upande wa gurudumu la nyuma, na akifika chini ya mlima alishuka, akafungua gurudumu, akaligeuza, akapanda. Kutoka Maweni hadi Watamu hutahitaji hata hilo.

Kabla hujatoa shilingi yoyote, pindua baiskeli uitazame fremu pale ekseli ya nyuma inapoingia. Kama mdomo umelala, umeelekea mbele, na gurudumu linaweza kusogezwa mbele na nyuma, umebahatika, kwa sababu hivyo ndivyo utakavyokaza cheni. Fremu nyingi za chuma za gia 12 ziko hivyo. Kama mdomo umesimama wima, gurudumu lina mahali pamoja tu pa kukaa, na cheni italegea hata ukiipima vipi. Hapo itabidi ule mkono wa gia uubakishe kama kikaza cheni, ukatiwe kipande kifupi cha waya cha kuushikilia mahali pamoja. Unafanya kazi, lakini umebakia na springi na vile vigurudumu tulivyotaka kuviondoa. Fremu ya namna hiyo mimi singeigeuza.

Sasa kazi yenyewe, na sehemu inayowashinda wengi ni kuitoa friwili kuukuu. Friwili hukazwa na miguu yako kila unapokanyaga, na yako imekazwa miaka huko Ulaya kisha ikaongezwa chumvi ya hapa. Kwa spana na nyundo haitoki. Wengine huigonga kwa patasi mpaka habu, ule moyo wa gurudumu, ikapasuka. Tafuta funguo yake inayoingia barabara kwenye yale meno au pembe zilizo ndani. Ikiwa inacheza hata kidogo, rudisha, tafuta nyingine. Mwagia mafuta ya kupenya kutu, iache ilale. Asubuhi libebe gurudumu kwa mafundi wa kuchomelea au maseremala wenye jiliwa kubwa iliyofungwa kwenye meza. Iweke funguo ndani ya friwili, uirudishie nati ya ekseli juu yake uibane kidogo ili isiruke. Halafu lilaze gurudumu, funguo iwe chini, imeshikwa na jiliwa, na wewe umeshika rimu kwa mikono miwili kama usukani wa lori. Zungusha kushoto. Simama vizuri, usivute kwa kushtua, vuta kwa uzito. Itakaa kimya, kisha itatoa mlio mmoja mkavu kama kijiti kimevunjika, na hapo imeachia. Legeza nati mara moja kabla hujaendelea, la sivyo utakata ekseli. Baadaye inatoka kwa mkono.

Habu kama yako kwa kawaida ina uzi (ile mistari ya skrubu) uleule wa friwili za BMX na za baiskeli za kawaida, kwa hiyo friwili mpya ya 18 inaingia bila shida. Safisha uzi, paka grisi nyingi, anza kwa vidole. Ikikataa, rudi nyuma uanze tena, maana uzi wa alumini ukishapishana ndiyo habu imekwisha.

Jambo la pili ni mstari wa cheni, na hili usilifanyie mchezo. Sproketi ya mbele na ya nyuma lazima zitazamane sawasawa. Zikipishana cheni inapiga kelele, inakula meno, na siku moja inachomoka umesimama juu ya pedali katikati ya barabara ya Mombasa, lori liko nyuma yako. Friwili ya gia moja ikikaa mahali pa ile ya gia sita, sproketi yake inakuwa ndani, karibu na spoki. Ndiyo maana mbele unatoa ile sproketi kubwa ya 52 na kubakisha ya ndani, ya 42, palepale ilipokuwa. Kwa kawaida zinakaribiana sana. Boliti za zamani zitakuwa ndefu kwa sproketi moja, kwa hiyo tafuta fupi au uziwekee wasa. Kupima, chukua kipande cha alumini kilichonyooka, kile cha madirisha, ukilaze kwenye uso wa sproketi ya mbele kifike nyuma. Tofauti ya milimita mbili si kitu. Ikizidi hapo, hamisha wasa za ekseli kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Ukihamisha wasa kutoka kulia kwenda kushoto, gurudumu halitakaa tena katikati ya fremu, na hapo fundi lazima akaze spoki za kushoto na kulegeza za kulia mpaka rimu irudi kati. Usiione kama gharama ya bure. Gurudumu la gia nyingi huwa limevutwa upande mmoja ili gia zipate nafasi, na spoki za kulia huwa zimekazwa zaidi ya za kushoto. Likisharudi kati, spoki zinagawana kazi, na mashimo hayalipindi upesi.

Cheni nunua ile nene ya gia moja. Inapita kwenye sproketi yako nyembamba ya mbele bila tabu, ila ile nyembamba ya gia haipiti kwenye friwili nene. Klipu ya kiungo, upande uliofungika utangulie mbele cheni inavyokwenda. Ukivuta gurudumu nyuma, acha cheni icheze juu na chini kama sentimita moja katikati, kisha zungusha pedali polepole ukiitazama. Sproketi haiko duara kamili. Kuna mahali cheni itabana zaidi. Pima pale inapobana. Ukikaza mpaka isicheze kabisa, unaziua gololi za katikati, pale pedali zinapozungukia. Na kama ekseli yako ni ya kufunga kwa mkono, badilisha uweke ekseli isiyo na tundu ndani, yenye nati mbili, kwa sababu mguu wenye nguvu unavuta ekseli mbele upande wa kulia, gurudumu likaenda kugusa fremu.

Kuna kijana amekushauri ufunge sproketi isiyozunguka bure, pedali ziende na gurudumu daima, na utoe breki. Nakuomba usifanye hivyo kwa habu hii. Habu ya sproketi ya aina hiyo huwa na uzi wa pili wa kinyume kwa ajili ya nati ya kuifunga. Yako haina, na siku utakapokaza miguu kusimamisha baiskeli, sproketi itafunguka yenyewe. Pale njia panda ya Gede tuktuk inasimama popote ilipoona abiria. Breki mbili zibaki, ya mbele na ya nyuma, na nyaya zake zote mbili badilisha kwa wakati huohuo, chagua za chuma kisichoshika kutu hata kama bei imezidi. Nyaya za gia zimekufa na hizi zimeishi pembeni yake muda uleule.

Ukiwa umefungua, ng'oa nguzo ya kiti. Ikiwa ni ya alumini ndani ya fremu ya chuma, chumvi inazigandisha pamoja mpaka zinakuwa kitu kimoja. Paka grisi uirudishe, na kila msimu unapogeuka ichomoe tena. Cheni iwekee tone la oili ya injini kwenye kila kiungo, zungusha, kisha futa kwa kitambaa mpaka ionekane kavu kwa nje. Grisi kwenye cheni inakusanya mchanga wote wa Watamu, na mafuta ya kupikia yanaganda yakawa gundi. Ukiosha, tumia maji ya mfereji, yale ya mradi wa Baricho. Visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi, utakuwa unaongeza kile unachokiondoa.

Kitu kimoja nahitaji kutoka kwako. Hesabu meno ya ile sproketi ya ndani ya mbele, uandike hapa, pamoja na picha ya mdomo wa fremu upande wa kulia. Nimechukulia ni 42 kwa sababu baiskeli nyingi za umri huo ziko hivyo. Ikiwa ni 39, nyuma funga 16, au 17 ukiipata. Ikiwa ni 44, funga 18 kama miguu imezoea, au 20 kama bado, kisha upunguze meno kusi likishatulia.