Barua kwa mwanangu aliye Lusaka

Tukuyu, Novemba 2024

Mwanangu,

Ndaga, yaani asante, kwa ujumbe wako. Umesema umeme huko unakuja saa 6 usiku, saa 9 umeshakatika, na pampu ya kisima cha hapo ulipopanga inalala nao. Unaniuliza ukope ununue jenereta au uvumilie mpaka mvua.

Tuanze na hiyo mvua. Hapa inapiga bati hata redio siisikii, na ningeweza ningekufungia madumu ukayamwage Kariba, kwenye lile bwawa linalowapa umeme. Lakini mwalimu wa jiografia hastaafu: maji yetu ya mto Kiwira yanashuka Ziwa Nyasa, yanatokea mto Shire, yanaikuta Zambezi huko Msumbiji, Kariba imeshaachwa nyuma kabisa. Ziwa lenu linangoja mvua ya Angola na magharibi ya Zambia, na maji ya huko huchukua miezi kufika. Kwa hiyo ukilowa Lusaka mwezi ujao usidhani mgao umekwisha.

Jenereta, hapana. Mgao ulipotubana mwaka 2006 baba yako alileta moja ya mtumba. Taa tulikuwa nazo, maji hatukuwa nayo, na hela ya mboga ikawa inaishia kwenye petroli. Giza halikututesa hata kidogo. Kilichotutesa ni choo bila maji na watoto watano ndani ya nyumba.

Kwa hiyo maji kwanza. Kabla hujalala acha koki wazi, weka ndoo chini yake, na ndani ya ndoo tupa sahani ya bati. Maji yakianza kutoka, ile sahani itakuamsha. Wewe ulikuwa unadhani mama anaamka usiku kusali! Jaza kila chenye mfuniko. Ya kunywa chemsha hukohuko usiku, kabla umeme haujaondoka, uyahifadhi kwenye ndoo yenye koki ili mtu asichovye kikombe. Kipindupindu cha mwanzoni mwa mwaka huu, kilichofanya uwanja wa Heroes hapo Lusaka ugeuzwe kambi ya wagonjwa, ulikiona kwa macho yako.

Mwanga na kompyuta ni betri. Ya volti 12, ampea-saa 100, ina kama wati-saa 1,200, ila hizi za asidi ukizinyonya kupita nusu unaziua. Zikibaki 600, taa nne, kompyuta mpakato na kile kidude cha intaneti vyote vikila wati 100, una saa tano hivi, maana inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, nayo hula chake. Sasa sikiliza, hapa ndipo wengi wanapopigwa: betri ya asidi haijai kwa saa tatu. Fundi atakuuzia betri na inveta, wiki mbili baadaye unalia. Nunua na paneli ya sola, jua la Lusaka halina mgao. Au jikaze upate ya lithiamu, inajaa haraka na inakaa miaka, ila bei yake ukae chini kwanza ndipo uiulize.

Friji lijaze chupa za maji zigande, na ulichomoe kabla umeme haujarudi. Ule wa kwanza kurudi huja na hasira.

Umeniambia pia kwamba unapikia mkaa ndani. Hilo sikubembelezi. Huku kwenye baridi ya Juni tumezika watu waliolala na jiko chumbani, milango imefungwa, na wala hawakusikia harufu yoyote. Mkaa upikie kibarazani, au nunua mtungi mdogo wa gesi.

Gesi utaiona ghali mpaka ujifunze kapu. Maharage loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, yachemke sana dakika 20, kisha sufuria na mfuniko wake itumbukize kwenye kapu lenye blanketi pande zote, na juu ufunike mto. Ukirudi kazini yachemshe tena kidogo, uunge. Mwaka ule wa 2006 nilipika hivyo mfululizo na hakuna aliyelalamika, isipokuwa wewe, na wewe ulikuwa unalalamikia maharage yenyewe.

Kapu nimeshalishona, blanketi ni lile la kijani la bweni lako. Shangazi yako anavuka Tunduma Alhamisi, atakuletea pamoja na kilo 5 za maharage na ile sahani ya bati. Betri usilipie kabla hujanitajia bei.

Mama